Buji Nne

Karina ya marehemu Zihalirwa ina umri wa binti yetu mkubwa,
na binti yetu mkubwa ana watoto wawili.
Saa kumi na moja alfajiri naitia ufunguo:
inakohoa mara moja, inakohoa mara ya pili,
ya tatu inaitika,
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni.

Nyuma kuna mikate mia mbili, bado moto.
Kutoka Nguba hadi Kadutu ni kupanda tu,
na mvua ya Bukavu haina adabu ya kungoja.
Siku kavu, gari langu ni gari.
Siku ya ukungu ni mnyama mwenye mguu mmoja mgonjwa:
tu-tu-tu, kimya, tu-tu-tu, kimya,
silinda moja imesahau zamu yake.

Fundi Bahizire wa Essence anasema: «Buji zimechoka.»
(Plagi, wanasema madereva watokao Kigoma; uchovu ni ule ule.)
«Na waya zake. Na kofia ya delko. Na koili, mama, nayo…»
Vidole vyake vinakwisha,
anaazima vyangu.

Najua. Usipoziba ufa utajenga ukuta.
Lakini aliyeyasema hayo hakutaja bei ya saruji,
wala hakuwa na minervali ya Nsimire
inayodaiwa kabla ya Ijumaa.
Ukibadilisha mapema, umetupa miezi uliyokwisha kuilipia.
Ukichelewa, utalipa kilimani,
mikate ikilowa,
vijana wakikusukuma kwa bei wanayoijua wao.
Kati ya mapema na kuchelewa
ipo siku moja iliyo sawa,
na siku hiyo haivai sare.

Zihalirwa alikuwa akisema:
kifaa kizee hakifi, hukopa.
Leo kinakukopa nukta ya kuwaka,
kesho lita ya petroli,
keshokutwa kinaomba betri isimame mdhamini.
Yeye mwenyewe alikohoa miezi minne
akisema ni vumbi.

«Usiniamini mimi,» Bahizire akaniambia. «Njoo giza likiingia.»
Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima;
kwa mara ya kwanza sikuulaani.
Akainua boneti, injini inanguruma,
akachukua chupa ya kunyunyizia, ile ya mkewe ya kupigia pasi,
akapuliza ukungu kidogo juu ya waya.

Nikaona.
Nyuzi za buluu zikitambaa,
zikiruka kutoka nyufa za mpira hadi kwenye chuma,
tiki, tiki,
kama radi ya mbali, ng'ambo ya ziwa,
inayomulika bila kunguruma.
Moto wangu, niliounulia petroli miaka mingapi,
unawaka nje, pasipo na kazi.
Uzuri wake ulinikasirisha.

Akazifungua buji, akazipanga juu ya gazeti.
Tatu zina rangi ya chai ya maziwa,
ncha zimeliwa upande kama visigino vya viatu vyangu.
Ya pili nyeusi, inanuka oili.
«Hii,» akasema, akiigeuzageuza kwenye mwanga wa simu,
«hili si kosa la buji.»
Sikumuuliza ni kosa la nani.
Swali moja kwa mwezi linanitosha.

Nikanunua buji nne na waya zake.
Kofia ya delko aliikwangua kwa msasa,
akaipuliza, akairudisha mahali pake.
Koili nikaiambia: wewe ngoja Januari.
Minervali nililipa nusu;
mtawa mhasibu alinitazama juu ya miwani
kama Bahizire alivyoitazama ile ya pili.

Leo ukungu umeshuka hadi Nyawera,
taa za barabarani ni viini vya mayai.
Nikatia ufunguo. Ikawaka.
Mara moja tu.
Nikabaki nimeushika ufunguo,
nikikingoja kikohozi,
hata mikate ikaanza kupoa.